Nembo za Filamu: Majibu kwa Wasomaji wa Kigoma na Tabora

Tangu tuandike kuhusu nembo zinazotangulia filamu (simba anayenguruma, mlima wenye nyota, mwanamke mwenye mwenge), maswali mengi yametoka ukanda wa magharibi. Haya ndiyo tuliyoona yana faida kwa wengi.

Shikamooni wataalamu. Nimenunua boksi la kaseti za VHS kutoka banda la video lililofungwa. Nataka kuhamishia nembo za mwanzo wa filamu kwenye kompyuta, ila kaseti nyingine zina unga mweupe pembeni mwa mkanda. Nianzie wapi? (Fundi redio, Ujiji)

Marahaba, fundi. Unga huo ni ukungu, na unyevu wa kando ya ziwa ndio chakula chake. Kaseti yenye ukungu usiitie kwenye deki hata kwa kujaribu tu. Ukungu unahamia kwenye hedi (kichwa kinachosoma mkanda), na kutoka hapo unaingia kwenye kila kaseti utakayoweka baadaye. Zitenge kwanza na zile safi. Kisha ziweke kwenye kontena la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu kama vile vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Ziache wiki mbili au zaidi, mpaka unga ukauke kiasi cha kupukutika. Usizianike juani, kwa sababu joto linapinda mkanda na mkanda uliopinda haunyooki tena.

Zikishakauka, toka nje, vaa barakoa, fungua skrubu 5 za chini ya kaseti na ufute pembe za mkanda kwa kitambaa kikavu kisichoacha nyuzi. Kabla ya kunyanyua kifuniko piga picha kwa simu, maana kuna springi na vigurudumu vidogo vinavyopenda kuruka.

Hedi ya deki isafishe kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Pamba ya masikioni usiitumie, nyuzi zake hunasa kwenye ncha ya hedi. Lowesha karatasi nyeupe laini, ishikilie imegusa ngoma ya hedi (silinda inayobeba hedi) bila kukandamiza, halafu zungusha ngoma kwa mkono. Mwendo ni wa kuzunguka tu. Ukisugua juu na chini utaing'oa hedi, na deki itakuwa imekwisha. Subiri kama dakika 10 spiriti ikauke.

Nembo hukaa mwanzoni mwa mkanda, na mwanzo ndio uliochoka zaidi, kwa kuwa ndipo deki inapoushika kila mara. Peleka mkanda mbele hadi mwisho, urudishe wote, ndipo ucheze. Hiyo inasawazisha mvutano. Anzisha kurekodi kwenye kompyuta kabla ya kubonyeza pley, la sivyo sekunde za kwanza zitapotea. Na usisimamishe picha ili uitazame vizuri: mkanda ukisimama, hedi inaendelea kusugua palepale.

Waya wa AV wenye vichwa vitatu (njano wa picha, nyeupe na nyekundu wa sauti) uingie kwenye kinasa video cha USB. Chagua PAL (mfumo wa picha uliotumika kwenye TV za kwetu), 720 kwa 576, fremu 25 kwa sekunde. Picha ikipanda na kushuka au ikitoka bila rangi, huenda kaseti ni ya mfumo wa NTSC wa Marekani. Hapo utahitaji deki inayoucheza, na mpangilio uwe 720 kwa 480. Kama unatumia OBS (programu ya kurekodi video), rekodi kwa faili la aina ya MKV, siyo MP4. Faili ya kawaida ya MP4 huandika ramani yake mwishoni, kwa hiyo umeme ukikatika katikati hubaki na faili isiyofunguka. MKV hubaki na kila kilichorekodiwa hadi umeme ulipokatika, na kuigeuza iwe MP4 baadaye ni kazi ya dakika moja.

Nafasi isikutishe. Ukihifadhi kwa DV (muundo wa video usiobanwa sana), saa nzima inakula kama GB 13, lakini nembo ya sekunde 20 haifiki MB 75. Ile mistari ya meno unayoiona vitu vinapokimbia iache kwenye faili la asili, uiondoe kwenye nakala ya kutazama tu. Na usikate nembo karibu mno. Bakiza sekunde 5 kabla yake na 5 baada yake. Sababu iko kwenye jibu linalofuata.

Nina nakala mbili za filamu moja ya mwaka 1982, na kila moja ina nembo tofauti ya kampuni ileile. Ipi ni ya kweli? (Mwalimu, Tabora mjini)

Zote ni za kweli, mwalimu, ila moja imefunikwa. Kampuni inapotoa upya filamu ya zamani, mara nyingi huondoa nembo ya wakati ule na kuweka ya sasa. Mtazamaji wa kawaida hajali. Kwa mkusanyaji hili ndilo jambo la kwanza kuchunguza, kwa sababu nembo iliyofunikwa inaeleza mwaka wa nakala na kunyamaza kuhusu mwaka wa filamu.

Anza na maandishi madogo chini ya nembo, yanayotaja kampuni mama. Chini ya mlima wa Paramount jina la Gulf+Western linaishia 1989. Viacom iliinunua Paramount mwaka 1994, kwa hiyo mlima wenye jina la Viacom hauwezi kuwa wa mapema kuliko hapo. Kwa Warner Bros., jina la AOL lilikuwepo kwa muda mfupi sana: muungano wa AOL, kampuni ya intaneti, na Time Warner, kampuni mama ya Warner Bros., ulikamilika Januari 2001 na AOL ikaondolewa kwenye jina mwaka 2003. Nembo ya Fox yenye jina la News Corporation inaishia 2013, kampuni ilipogawanywa. Disney iliinunua Fox mwaka 2019, na mwaka uliofuata neno Fox likaondolewa kabisa, ikawa 20th Century Studios.

Picha yenyewe inasema pia. Dunia ya Universal ilichorwa upya 1990 kwa miaka 75 ya Universal City, eneo la studio zake, ikabadilishwa tena 1997 kwa muziki wa Jerry Goldsmith, na tena 2012 kampuni ilipotimiza miaka 100. Mwanamke wa Columbia unayemzoea alichorwa na Michael Deas mwaka 1992, na aliyesimama kama kielelezo ni Jenny Joseph. Ukimkuta mbele ya filamu yako ya 1982, ujue amewekwa baadaye.

Simba wa MGM ni mgumu zaidi. Simba yuleyule, Leo, alitumika tangu 1957 hadi 2021 walipoweka wa kompyuta, hivyo sura yake haikupi mwaka. Sikiliza mngurumo. Mwaka 1982 fundi wa sauti Mark Mangini alitengeneza mngurumo mpya, na ndani yake mna sauti za chui milia, kwa kuwa simba halisi hangurumi kwa ukali ule mbele ya kamera. Mngurumo mwembamba wenye mikwaruzo ni wa kabla ya hapo.

Zile sekunde 5 za pembeni hutoa ushahidi wa mwisho. Nembo ya asili hutoka kwenye filamu ileile: vumbi, mikwaruzo na mtikisiko wa picha huendelea bila kubadilika mpaka onyesho la kwanza. Nembo iliyofunikwa huwa safi, kisha ghafla picha inachakaa. Wakati mwingine walibadilisha picha wakasahau sauti, ukasikia muziki wa nembo ya zamani juu ya nembo mpya. Nakala ya namna hiyo itunze vizuri, ni adimu na ina raha yake.

Ushauri mmoja zaidi: tarakimu za Kirumi mwishoni mwa majina (MCMLXXXII ni 1982) ni mwaka wa filamu. Usizitumie kukadiria umri wa nakala.

Nikikata nembo kutoka kwenye VCD, sekunde ya kwanza inakuwa miraba-miraba. CD ni mbovu? (Mwanafunzi, Kasulu)

CD ni nzima. Video haihifadhi kila fremu kwa ukamilifu. Kuna fremu kamili kila baada ya nusu sekunde hivi, na za katikati zinaandika mabadiliko tu. Ukikata katikati, programu inakosa pa kuanzia. Anza kukata sekunde moja nyuma, na ukate bila kugeuza muundo. Fungua folda ya MPEGAV, nakili AVSEQ01.DAT kwenye kompyuta, kisha kwa ffmpeg (programu ya video inayoendeshwa kwa kuandika amri) andika:

ffmpeg -i AVSEQ01.DAT -t 30 -c copy nembo.mpg

Utapata sekunde 30 za mwanzo kama zilivyo, kwenye faili la takriban MB 5. Usipoiona nembo, jaribu AVSEQ02.DAT, kwa sababu CD nyingine huanza na tangazo la msambazaji. VCD ya PAL ina nukta 352 kwa 288 tu, basi usiikuze ukaiita ya ubora wa juu. Picha iliyokuzwa haiongezi kitu, inaficha chanzo.

Kwa nini muziki wa Fox kwenye DVD yangu ni mwembamba kuliko nilioupata kwenye intaneti? (Kigoma mjini)

Filamu hupigwa fremu 24 kwa sekunde, PAL huonyesha 25. Nakala nyingi za PAL huharakishwa kwa asilimia 4, na sauti hupanda karibu robo tatu ya nusu-toni. Nembo ya sekunde 21 inakwisha kabla kidogo ya sekunde 20.2. Usiirekebishe kwenye faili la asili, andika tu kwamba ni ya PAL.

Je, nembo za Kihindi zinahesabiwa? (Igunga)

Sana. Anza na ya R.K. Films: mwanamume ameshika fidla mkono mmoja na mwanamke mkono mwingine, imetokana na filamu ya Barsaat ya 1949, ya waigizaji Raj Kapoor na Nargis. Mehboob Productions ilitumia nyundo na mundu. Sinema za Kihindi zilizunguka sana nchini, hivyo usizipuuze kaseti zake unapopekua maboksi.

Filamu nyingi nilizonazo zimetafsiriwa kwa Kiswahili, na mtafsiri anaongea juu ya nembo au ameweka jina lake mahali pake. Nizitupe? (Mwenye banda la video, Nzega)

Usitupe hata moja, ndugu yetu. Nembo ya simba utaipata safi popote duniani. Nembo ya simba yenye sauti ya mtafsiri juu yake, na jina la studio ya Dar es Salaam limepita chini, iko kwenye CD kama hizo zako tu. Ndivyo ilivyo hata kwa nembo za wasambazaji wa filamu za Kibongo. Tungekushauri uanze na hizo kabla ya Hollywood, maana CD za kuchomwa zinaharibiwa na jua na joto, na nyingine ukiziinua kwenye mwanga tayari utaona matundu. Zisimamishe wima kwenye makasha yake, mbali na bati na dirisha, na usibandike karatasi ya gundi juu yake.

Majalada nayo yapige skana kwa nukta 600 kwa inchi, mbele na nyuma. Tazama kama kuna stempu ya kodi ya TRA: stempu hizo zilianza kwa bidhaa za filamu na muziki mwaka 2013, hivyo jalada lenye stempu halali ni la mwaka huo au baadaye. Jina la faili liwe na kampuni, filamu, mwaka wa filamu, aina ya chanzo, na mahali ulipoipata, kwa mpangilio huohuo kila mara. Pasipojulikana mwaka andika 0000, ili mafaili yote yasiyo na mwaka yakae pamoja na iwe rahisi kuyarudia utakapopata nakala nyingine ya kulinganisha.