Arabuni sio rehani jamani

Msomaji mmoja kaniandikia: "Mwalimu shikamoo. Wagalatia 1:17 Paulo anasema alikwenda zake Arabuni, halafu Waefeso 1:14 nasoma kwamba Roho Mtakatifu ndiye arabuni ya urithi wetu. Ni neno moja? Mchungaji wetu katuambia hii ya pili maana yake ni rehani."

Marahaba. La kwanza ni fupi, sio neno moja. Ile ya Wagalatia ni nchi ya Waarabu na ile -ni ya mahali, kama mjini na shambani, ndio maana ina herufi kubwa. Hii ya Waefeso ni neno la biashara tulilolitoa kwenye Kiarabu, wengine wanalitamka arbuni, na hata Kigiriki cha Paulo kilikuwa nalo, arrabon, walilipata kwa wafanyabiashara wa Kisemiti. Basi.

Sasa hilo la rehani. Nimelisikia miaka na miaka, madhabahuni, kwenye semina, kwenye redio, na kila nikilisikia linaniuma kwasababu mtu anachukua neno zito kuliko yote kwenye mstari ule analigeuza kichwa chini miguu juu na kanisa zima linaitikia amina.

Chukua simu yako. Umebanwa, unataka elfu hamsini, unaenda kwa jamaa unamwachia simu anakupa hela, mnapeana mwezi. Hiyo ndio rehani. Simu sio hela, inakaa pale kumtuliza moyo tu, ukilipa unabeba simu yako unaondoka. Haya njoo kwenye kiwanja. Kinauzwa milioni nne, huna zote, unatoa laki tano ili mwenyewe asimuuzie mtu mwingine. Hiyo ndio arabuni, siku hizi tunasema advansi. Ile laki tano hairudi, imeshaingia kwenye bei, ni hela kama hela zitakazofuata, zimebaki tatu na nusu, na wewe uliyetoa ukighairi imekula kwako. Simu inasubiri kurudi kwa mwenyewe, laki tano inasubiri zile nyingine zije ziungane nayo.

Sasa rudi kwa Paulo. Ukisema Roho ni rehani umemwambia muumini kwamba Mungu kamwachia kitu cha kumshikia tu, siku moja anakuja kukichukua. Huyo mtu atalala usingizi? Arabuni inasema Roho uliyepewa leo ni kipande cha urithi wenyewe, umeshaanza kuula, na aliyetoa amejifunga yeye kumalizia kilichobaki. Ndio maana Paulo anaitaja pamoja na kutiwa muhuri, hapo na kwenye 2 Wakorintho 1:22 pia. Na magazetini kuweka rehani maisha ya wananchi ni kuwatia hatarini, sasa neno hilo unalipelekaje kwenye mstari wa kumpa mtu uhakika?

Nadhani wengi wanapotezwa na yale maneno yanayofuata, "ukombozi wa milki yake", wakisikia kukomboa wanawaza poni. Kinachokombolewa pale ni milki, yaani watu wa Mungu, arabuni haikombolewi. Mwingine atanitajia Mwanzo 38, Yuda alimwachia Tamari muhuri, kamba na fimbo mpaka amletee mwana-mbuzi aliyemwahidi, na Kiebrania pale kina neno la ukoo huohuo. Kweli kabisa, na wafasiri waliandika rehani na walifanya sawa, maana Yuda alimtuma rafiki yake na mwana-mbuzi akavichukue vile vitu. Paulo hajamtuma mtu na mbuzi.

Dhamana, ambayo baadhi ya tafsiri wameiweka, naivumilia, haivunji maana ila inapoteza ule utamu wa kuwa umeshapokea kitu. Advansi sina neno nayo. Anayesema kishika uchumba namsikiliza kabisa, kwani Kigiriki cha leo neno hilohilo limeishia kwenye mambo ya uchumba.

Mchungaji wenu mwendeeni kwa heshima, baada ya ibada, sio mbele za watu, mumwulize swali moja tu: hiyo rehani anakuja kuikomboa nani, na lini?