Nyumba Yenye Magurudumu: Sigiri Haina Nafasi Humo Ndani

Mwezi huu barua karibu zote zimetoka kwa watu walionunua HiAce, zile ambazo Kampala huitwa droni, wakang'oa viti vya nyuma na kuweka kitanda. Ninawaelewa. Niliendesha malori kati ya mipaka ya Malaba na Katuna kwa miaka 22, na usiku mwingi nililala nyuma ya usukani. Sasa nina gereji Jinja na kazi yangu ni kutengeneza magari ya kulala. Barua ya pili hapa chini nawaomba msome hata kama hamna gari.

*Mzee, shikamoo. Mimi ni mwalimu hapa Masaka. Niliweka friji ndogo ya volti 12 ndani ya gari langu, fundi akaiunganisha kwenye betri ya gari. Tulilala Ziwa Mburo siku mbili bila kuendesha. Asubuhi ya kuondoka gari halikuwaka. Tulilisukuma tukachoka. Je, betri ni mbovu au friji ni mbovu?*

Marahaba, mwalimu. Vyote viwili ni vizima, kosa ni la muunganisho. Na kama gari lako ni la otomatiki, mngelisukuma hadi Mbarara lisiwake, kwa sababu magurudumu ya gari la namna hiyo hayazungushi injini. Bila waya za kuchukulia moto kutoka gari jingine hamna la kufanya.

Betri iliyo chini ya kiti chako imetengenezwa kwa kazi moja: kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, injini ishike, kisha ijazwe tena na alteneta. Ukiichosha polepole usiku kucha, mara chache tu, inakufa. Friji kama yako hutumia takriban wati 45, maana yake karibu ampea 4 mota yake inapozunguka. Kwa joto letu itazunguka nusu ya siku. Piga hesabu, wewe ni mwalimu: ni zaidi ya ampea-saa 40 kwa siku moja. Betri ya kawaida ya ampea-saa 100 haitakiwi kushushwa chini ya nusu yake. Kwa hiyo una siku moja na kidogo, basi.

Weka betri ya pili, ya aina inayouzwa kwa ajili ya sola, na iwe ya friji na taa peke yake. Kati ya betri hizo mbili mwambie fundi aweke rilei ya kutenganisha, ili injini ikizimwa betri ya kuwashia isiguswe. Ukiwa na fedha za betri ya lithiamu, nunua. Ni nyepesi zaidi ya nusu na utatumia sehemu kubwa ya uwezo wake bila kuiumiza. Lakini lithiamu haiunganishwi moja kwa moja na alteneta, kwa sababu inavuta umeme kwa pupa hadi alteneta inapata moto. Inahitaji chaja yake katikati.

Angalia waya pia, kwani hapo ndipo mafundi wengi wanapobana senti. Waya wa milimita moja na nusu, kutoka mbele hadi friji ya nyuma, hupoteza karibu nusu volti njiani. Friji inadhani betri imeisha na kujizima huku betri ingali nusu. Tumia waya wa milimita 6, na fyuzi ikae karibu kabisa na betri, si karibu na friji. Waya ukichubuka katikati na fyuzi iko mwisho, gari linaungua nanyi mmelala.

Ya mwisho kwako, nunua mita ya volti ya dijitali, bei yake ni ndogo. Betri ya risasi, yaani ile ya kawaida isiyo ya lithiamu, iliyotulia ikisoma 12.6 imejaa, 12.2 imebaki nusu. Ikifika hapo, zima friji au washa injini. Paneli ya sola ya wati 200 juu ya paa itailisha friji yako siku yenye jua. Sisi tuko kwenye Ikweta, jua linapita juu ya kichwa, kwa hiyo paneli iliyolala bapa inatosha. Iinue upande mmoja kidogo tu ili mvua ioshe vumbi.

*Mzee, habari za kazi. Sisi ni wa Mbarara, na kila Desemba tunawapeleka watoto Ziwa Bunyonyi na gari letu la kulala. Baridi ya usiku inatutesa. Jirani amenishauri niwashe sigiri nje mpaka makaa yawe mekundu na moshi uishe, kisha niiingize ndani na kuacha dirisha wazi kidogo. Ni salama?*

Hapana, mama. Hapana kabisa. Na umwambie huyo jirani yako leo, kabla hajamshauri mwingine.

Mwaka 1996 nilikuwa utingo. Tulifika Kabale, mji wa jirani na Bunyonyi, usiku, mvua inanyesha, dereva wangu na mimi tukaingiza sigiri ndani ya kabini, makaa mekundu, hakuna moshi hata kidogo. Tulikuwa tumefungua kioo upana wa vidole viwili. Niliamka nikiwa nimelala kwenye matope, mtu ananipiga makofi. Dereva wa lori la nyuma alikuwa amekuja kuomba kiberiti, akagonga, tusijibu, akavunja kioo. Kichwa kiliniuma siku mbili. Dereva wangu hakuamka. Alikuwa na mtoto wa miezi minne.

Makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo hasa yanayotoa hewa ya sumu, kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haikereketi koo. Inaingia kwenye damu na kuishika chembe ile ile inayobeba oksijeni, tena inaishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi. Mtu aliyelala hasikii hata moja kati ya hizo, anazidi tu kuzama. Watoto hudhurika mapema kuliko wakubwa. Dirisha kidogo halitoshi, na makaa yaliyofunikwa na majivu bado yanatoa sumu. Jiko la gesi halitumiwi kupasha joto mkiwa mmelala. Injini haiachwi ikinguruma usiku. Na kama unaweza kupata kengele ya kaboni monoksidi inayotumia betri, ifunge usawa wa mto wa kulalia.

Sasa baridi yenyewe. Kabale iko karibu mita 2,000 juu ya bahari na usiku unaweza kushuka hadi nyuzi 10. Baridi inayowatesa inatoka chini, si juu. Bati la sakafu linavuta joto la mwili kupitia godoro. Tandika mkeka mzito wa sponji au mablanketi mawili *chini* ya godoro, utaona tofauti usiku wa kwanza. Chemsha maji nje kabla ya kulala, jaza chupa za mpira zenye kifuniko kizuri, zivishe soksi, kila mtoto apewe yake miguuni. Kofia ya sufi kichwani. Na vioo viwili, kushoto na kulia, viache wazi kidogo hata kama ni baridi, la sivyo pumzi zenu zitageuka maji kwenye bati na asubuhi mablanketi yatakuwa yameloa.

Kwa kuwa mtapika huko: maji katika mwinuko ule huchemka kwenye nyuzi kama 93, si 100, kwa hiyo maharage yatakula gesi yako yote. Yaloweke tangu Mbarara. Mtungi wa gesi ukae kwenye sanduku lenye tundu chini linalotokea nje ya gari, kwa sababu gesi ni nzito kuliko hewa na hujikusanya sakafuni, pale mnapolala. Kila mnapofunga mtungi mpya, paka povu la sabuni kwenye viungo. Likitoa mapovu, funga na usiwashe chochote.

*Ndugu mzee, mimi niko Fort Portal. Nimetengeneza makabati ya mvule ndani ya gari langu, mazuri sana, na tenki la maji la lita 120 nyuma kabisa. Tukishuka kwenda Bundibugyo nilisikia harufu ya kuungua, kisha pedeli ya breki ikawa laini kama sponji. Nilisimama kwa handibreki. Fundi amebadilisha pedi. Inatosha?*

Haitoshi, ndugu yangu, na nashukuru uko hai kuandika. Pedeli ilipokuwa laini, mafuta ya breki yalikuwa yamechemka. Mafuta hayo hunywa unyevu wa hewa, na yakiwa na maji huchemka mapema. Mwambie fundi ayamwage yote na kuweka mapya, kisha uyabadilishe kila baada ya miaka miwili hata kama gari limeegeshwa tu.

Kwa mteremko, sisi madereva wa malori tulifundishwa hivi: shuka kwa gia ile ile ambayo ungeitumia kuupanda. Kwa barabara ile ni ya pili, pengine ya kwanza kwenye kona. Kwa otomatiki, toa kwenye D uweke 2 au L. Acha injini ikuzuie. Breki ikanyagwe kwa nguvu, kwa muda mfupi, kisha iachwe ipumue, isikaliwe. Ukisikia harufu, tafuta mahali tambarare usimame nusu saa. Usimwagie maji, disku hujipinda na ngoma hupasuka.

Lakini ugonjwa wenyewe ni uzito. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo umebeba kilo 120 nyuma ya ekseli ya nyuma, na bado hujahesabu mvule. Mvule ni mbao ya mlango wa nyumba ya baba yako. Kwenye gari tumia plaiwudi ya milimita 12 au nyembamba zaidi, iliyoshikwa na vyuma vyepesi. Mafundi wa Katwe, Kampala, wanazifanya vizuri. Najua umetumia fedha na moyo kwenye makabati yale. Yatoe, yaweke nyumbani. Kisha nenda kwenye kiwanda cha chai huko kwenu chenye mizani ya malori, uombe upimiwe ekseli moja moja, mkiwa na watu wote ndani. Linganisha na kibandiko cha uzito wa juu cha gari lako. Tenki lihamie katikati ya ekseli mbili, na njiani beba lita 20 tu. Maji mengine utajaza ukifika.

*Tuko Mbale, tunataka kwenda Kidepo mwezi wa Agosti na HiAce isiyo na magurudumu manne ya kuvuta. Tutafika?*

Subirini Januari. Karamoja, ambako hifadhi ya Kidepo ipo, ina msimu mmoja mrefu wa mvua, na Agosti bado imo ndani yake. Udongo mweusi wa kule ukilowa unajaa kwenye tairi hadi linakuwa laini kama sabuni, na hapo hata gari la magurudumu manne hulala. Mito ya kule ni mikavu asubuhi, jioni inabeba miti. Maji yakitembea barabarani, usiingie, hata kama lori limepita mbele yako. Subiri, hushuka haraka.

Hata Januari, bebeni tairi mbili za akiba. Zisome ubavuni: tarakimu nne za mwisho wa namba ya DOT ni wiki na mwaka, kwa mfano 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Tairi hiyo isiende Kidepo hata kama meno yake ni mapya. Kwenye barabara ya murramu yenye mawimbi shusheni upepo kidogo na mwende polepole, na pampu ya kujazia iwemo ndani. Mkipitia Kitgum, jazeni mafuta pale mpaka juu.

*Mzee, nina turubai zuri la bluu la kivuli. Kwa nini Murchison mbung'o walituvamia sisi tu, na majirani wa kambini wakala kwa amani?*

Umejibu mwenyewe, mwanangu. Mbung'o wanapenda bluu na nyeusi. Hata mitego ya kuwakamata hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Chukua turubai la rangi ya mchanga, na nguo zenu vilevile.

*Nataka kuvuka Katuna kwenda Kigali na familia. Makaratasi gani?*

Kadi ya gari yenye jina lako, au barua ya mwenye gari iliyothibitishwa na wakili. Leseni. Kadi mbili za njano, na watu huzichanganya: moja ni ya bima ya COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, ya gari, nyingine ni ya chanjo ya homa ya manjano, ya kila mtu. Kizimamoto na pembetatu mbili ziwemo. Mifuko ya plastiki iacheni upande huu, Rwanda waliipiga marufuku tangu 2008.

Ila kinachonitia wasiwasi zaidi ni mlango. Rwanda wanaendesha kulia. HiAce yako ina mlango wa kuteleza upande wa kushoto, ambao hapa kwetu ni upande wa majani. Kule, ukiegesha kando ya barabara, mlango huo unafungukia katikati ya magari, na watoto wamezoea kuruka nje mara gari linaposimama. Egesha uwanjani au kwenye kituo cha mafuta. Funga kufuli ya watoto kuanzia Katuna, na mlango ufunguliwe na mtu mzima aliye nje.