Difu Inavuma: Pima Kabla ya Kufungua

SWALI: Pikapu yangu inasukumwa na magurudumu ya nyuma. Ikifika kilomita 60 kwa saa inaanza kuvuma huko nyuma. Gereji wameniambia nitafute difu nyingine kamili. Naweza kuhakikishaje kabla sijatoa hela?

JIBU: Unaweza, na sehemu kubwa ya kazi haihitaji hata spana. Difu, yaani kikasha cha gia katikati ya ekseli ya nyuma, hubebeshwa makosa ya wengine: matairi yaliyoliwa vibaya, beringi za magurudumu, hata bomba la ekzosi linalogusa chesesi. Anza na matairi. Yajaze upepo sawasawa, kisha pita kwenye lami laini na baadaye kwenye lami ya kokoto. Mlio ukibadilika pamoja na barabara, ni tairi. Difu haijui inapita juu ya nini. Halafu simamisha gari, weka nyutro, na upandishe injini hadi mizunguko ileile uliyokuwa nayo ulipousikia mvumo. Ukiusikia tena, tatizo liko mbele, kwenye injini au ekzosi.

Kama bado difu inashukiwa, endesha kama kilomita 15 ili oili yake ipate moto, maana oili baridi ni nzito na huficha milio. Kwenye barabara iliyonyooka isiyo na magari, sikiliza ukiwa unakanyaga mafuta, ukiwa umeshikilia mwendo mmoja, na ukiwa umeachia mafuta gari likiwa kwenye gia. Mluzi unaosikika ukikanyaga tu, au ukiachia tu, ni wa meno ya krauni (gia kubwa ndani ya difu) na pinioni (gia inayoisukuma). Kukanyaga hutumia upande mmoja wa jino na kuachia hutumia upande wa pili, ndiyo maana huweza kulia huku na kunyamaza kule. Mkoromo usiojali mguu wako uko wapi, unaopanda na kushuka na mwendo tu, mara nyingi ni beringi.

Beringi ipi? Hapo hesabu inasaidia. Krauni ya meno 41 na pinioni ya meno 10 maana yake ni kwamba pinioni inazunguka mara 4.1 gurudumu likizunguka mara moja. Kwa tairi lenye mzingo wa mita 2, ukiwa kwenye kilomita 80 kwa saa, gurudumu linazunguka kama mara 11 kwa sekunde, na pinioni pamoja na propela (shafti ndefu inayoizungusha) kama mara 45. Kwa hiyo beringi ya pinioni hutoa mvumo wa haraka na mwembamba, ilhali ya gurudumu hunguruma kwa uzito, na mngurumo wake hubadilika ukilipinda gari kidogo kushoto au kulia. Mlio unaotokea kwenye kona kali tu, kunyooka ukapotea, utafute kwenye gia ndogo za katikati ya difu.

Ukitaka fundi asikilize gari likiwa juu, zuia magurudumu ya mbele na uweke stendi chini ya ekseli ya nyuma, si chini ya chesesi. Ekseli ikining'inia, pembe za propela hubadilika na utapata mtikisiko ambao barabarani haupo. Magurudumu yote mawili ya nyuma yawe juu. Kwenye difu ya kawaida, moja likizuiwa jingine hukimbia mara mbili ya mwendo unaosomeka kwenye spidomita; kwenye difu ya LSD (inayozuia gurudumu moja kuteleza peke yake) lile lililo chini linaweza kulisukuma gari likatoka kwenye jeki. Gari linaloendesha magurudumu manne muda wote lisijaribiwe hivi.

SWALI: Nikitoka gia ya mbele kwenda rivasi, chini panagonga "ko!" Je, difu imekwisha?

JIBU: Tuanze na krosi za propela, yaani viungo vyake vyenye umbo la msalaba. Zima injini, zuia magurudumu, weka nyutro, ulale chini ya gari. Shika propela kwa mkono mmoja na flenji ya difu (sahani ambayo propela hufungwa) kwa mwingine, uzizungushe kwa kupingana. Krosi nzima haina mchezo ambao mkono unaweza kuuhisi. Vumbi la rangi ya kutu kuzunguka vikombe vyake linaonyesha kuwa sindano za ndani zimekauka. Gari la namna hiyo hulia "kwi kwi" likianza kuondoka.

Kisha sukuma flenji juu na chini. Ikicheza, beringi za pinioni zimelegea. Hapa ndipo difu nyingi huuawa: mtu anakaza nati ya pinioni mpaka mchezo uishe. Difu nyingi zina bushi ya kujikunja ndani, na ikishakandamizwa kupita kipimo hairudi. Beringi hubanwa, huchemka na kuungua. Kulegeza nati hakusaidii. Bushi mpya ifungwe.

Mchezo wa krauni yenyewe hupimwa kwa dayal geji (saa ya kupimia mchezo mdogo) kwenye jino, sehemu tatu au zaidi. Kwenye magari mengi madogo kipimo ni kati ya 0.13 na 0.18 mm, ila fuata kitabu cha gari lako. Ukiwa sawa na gari bado linagonga, kagua washa za gia ndogo na meno ya hafu shafti (shafti zinazotoka difu kwenda kwenye magurudumu). Propela ikishushwa, ipigiwe alama kwanza irudi palepale. Ikigeuka, utaondoa mlio wa kugonga na kupata mtikisiko.

SWALI: Nimemwaga oili ya difu, kwenye sumaku ya plagi kuna uji wa kijivu. Nitishike?

JIBU: Uji laini ni uchakavu wa kawaida. Vipande unavyoweza kuviokota kwa kucha si vya kawaida, na difu ifunguliwe. Oili yenye rangi ya maziwa imeingiwa na maji, kwa hiyo safisha kipumulio juu ya ekseli. Kikiziba, presha husukuma oili nje kupitia sili, na difu ikipoa huvuta maji ndani. Siku nyingine fungua plagi ya kujazia kabla ya ile ya kumwagia, usije ukamwaga oili yote ukakuta ya juu imegoma. Jaza oili ya gia ya daraja la GL-5 (limeandikwa kwenye kopo) mpaka ifike ukingo wa chini wa tundu, gari likiwa limekaa sawa.