Binti Yangu Ana Hofu Nyingi. Je, Hana Imani?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Binti yangu ana miaka 15 na anampenda Mungu, lakini ana hofu nyingi. Usiku wa kuamkia mtihani hapati usingizi, tumbo linamsokota, mikono inalowa jasho. Mara mbili amepangiwa kusoma neno kanisani na mara zote mbili ameomba udhuru. Kiongozi mmoja wa vijana alimwambia mbele ya wenzake kuwa hofu ni kukosa imani, akamsomea Ufunuo 21:8, kwamba waoga sehemu yao ni ziwa la moto. Tangu siku hiyo ananiuliza kama kweli ameokoka. Nimsaidieje? Na je, nimlazimishe kusoma kanisani ili azoee?

JIBU: Amina, asifiwe milele, mama yangu. Niruhusu nianze na huo mstari, maana ndio mwiba uliomo mwilini mwa mtoto sasa hivi, na usipotolewa, mengine yote hayatamwingia.

Ufunuo uliandikiwa makanisa saba ya Asia, watu waliokuwa wakishinikizwa wamkane Kristo. Yohana mwenyewe, aliyekiandika kitabu hicho, alikuwa kisiwani Patmo kwa ajili ya neno la Mungu, na kule Pergamo, mmojawapo wa miji hiyo, shahidi wa Kristo aitwaye Antipa alikuwa ameshauawa. Katika sura hiyo ya 21, mstari wa 7 unamtaja "yeye ashindaye", kisha wa 8 unawataja waoga. Ndio waliogeuka na kumwacha Bwana ili wasalimike. Binti anayetokwa jasho kabla ya mtihani, kisha anapiga magoti kumwomba Yesu amsaidie, hamkani Bwana. Anamkimbilia. Mwambie hivyo leo, na umwambie kuwa ni mchungaji amesema.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawalijui. Neno la Kiyunani lililotafsiriwa "waoga" pale, deilos, ndilo alilotumia Yesu kwa wanafunzi wake katika Marko 4:40: "Mbona mmekuwa waoga? Hamna imani bado?" Watu hao ni mitume! Na angalia mpangilio wa Marko. Wako ziwani kwenye dhoruba, mawimbi yanaingia chomboni, Yesu amelala, kichwa juu ya mto wa kulalia, wanamwamsha kwa maneno makali kidogo: "Mwalimu, si kitu kwako kuwa tunaangamia?" Anaamka, anaukemea upepo, kunakuwa shwari kuu. Ndipo anawauliza habari za imani. Hakuwaambia waonyeshe imani kwanza ndipo awasaidie, wala hakumshusha mtu chomboni. Alivuka nao hadi ng'ambo wakiwa vile vile walivyo.

Sasa tumtazame kijana mwingine, Timotheo, mtenda kazi pamoja na mtume Paulo. Wahubiri tunaupenda mstari wa 2 Timotheo 1:7, kwamba Mungu "hakutupa roho ya woga, bali ya nguvu na ya upendo na ya moyo wa kiasi", na mara nyingi tunautumia kama fimbo. Nami niliwahi kuutumia hivyo nikiwa kijana katika huduma, na ninajuta. Soma yaliyotangulia. Paulo anakumbuka machozi ya Timotheo. Anataja imani yake "isiyo na unafiki", iliyokaa kwanza katika bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Kwa hiyo machozi na imani ya kweli vimo ndani ya kijana mmoja, na Paulo haoni mgongano. Wewe, mama, ndiye Eunike katika habari hii.

Ila kuna mstari ninaoupenda kuliko huo, na sijui kwa nini hatuuhubiri. Miaka kadhaa kabla ya barua hiyo, Paulo aliwaandikia Wakorintho: "Basi, Timotheo akija, angalieni akae kwenu pasipo hofu" (1 Wakorintho 16:10). Ona agizo linakwenda kwa nani. Hakumwandikia Timotheo ajikaze. Aliliandikia kanisa lihakikishe kijana anakaa kwao bila kuogopa. Jukumu la hofu ya kijana liliwekwa mabegani mwa watu wazima. Kwa msingi huo, nenda ukaongee na yule kiongozi wa vijana, kwa upole na faraghani, umwonyeshe mstari huu. Inawezekana alisema kwa nia njema. Lakini alimwaibisha mtoto mbele ya wenzake, basi na arekebishe mbele ya wenzake.

Nyumbani, acha kumwambia "usiogope" kama amri. Daudi alipokamatwa na Wafilisti kule Gathi aliomba hivi: "Siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe" (Zaburi 56:3). Hakungoja hofu iishe ndipo atumaini. Ni maneno machache, hata mtu anayetetemeka anayaweza. Usiku ukimsikia anageukageuka kitandani, usiwashe taa na kuanza mahubiri. Kaa ukingoni mwa kitanda, mshike mkono, mseme mstari huo pamoja polepole, naye avute pumzi na kuitoa taratibu. Kisha mwache aitaje hofu yenyewe kwa jina lake mbele za Mungu: "Bwana, naogopa kufeli na kumwaibisha mama." Huenda ukasikia kitu ambacho hukukitarajia, pengine kinachokuhusu wewe. Kipokee.

Pia muulize, akiwa peke yake na wewe, kama kuna mtu anayemtisha, anayemgusa vibaya au anayemdhulumu popote pale, kanisani pakiwamo. Si kila hofu ni ya kutuliza. Nyingine inasema kweli, nayo inataka mtu mzima achukue hatua. Akikuambia, mwamini.

Na asipokula, akizuiwa na hofu kuendelea na masomo, au akitaja kutaka kufa, mpeleke kwa daktari au mshauri nasaha bila kuchelewa, nanyi mkiendelea kuomba. Atakayewaambia huko ni kukosa imani, mkumbushe Eliya. Nabii aliyeuona moto ukishuka mlimani Karmeli alimkimbia malkia Yezebeli aliyetaka kumwua, akaketi chini ya mretemu na kuomba afe. Malaika hakumkemea. Alimgusa, akamlisha, akamwacha alale, akamlisha tena, akisema, "safari hii ni kubwa mno kwako". Sauti ya Mungu mlimani Horebu ilikuja baadaye, mwili ukiwa umepata nguvu.

Kuhusu kusoma kanisani, usimlazimishe, wala usimfutie kabisa. Aanze na mstari mmoja nyumbani mbele yako, kisha mbele ya rafiki wawili anaowaamini, kisha katika kikundi kidogo. Siku ya kanisani aichague mwenyewe. Namkumbuka kijana mmoja aliyesoma Zaburi huku karatasi ikimtetemeka mkononi hadi sauti ya karatasi hiyo ilisikika kwenye kipaza sauti. Mama yake alisimama kando yake, kidole chake kikifuata mistari. Nawe simama hivyo. Akikwama katikati, msomee wewe mistari iliyobaki, kisha mrudi mkakae pamoja.