Athens kwa mfuko mwembamba: maswali yenu

Wasomaji kadhaa wanaojiandaa kwenda Ugiriki wametuuliza kuhusu gharama. Bei zote hapa chini ni za mwaka 2025.

Niko Nairobi. Ninunue tiketi ya ndege kwanza au nisubiri viza?

Subiri viza. Ada ya viza ya Schengen (viza ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, Ugiriki ikiwemo) ni euro 90 kwa mtu mzima na ukinyimwa hairudishwi, kwa hiyo usijiongezee hasara ya tiketi. Weka nafasi ya ndege inayoweza kufutwa, kisha ambatisha na bima ya safari isiyopungua euro 30,000. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari hadi siku 15 kabla, lakini ukingoja hizo siku 15 umejitafutia presha bure. Wengi hukwama kwenye taarifa ya benki. Fedha nyingi zilizoingia ghafla wiki iliyopita humtia afisa shaka kuliko salio la kawaida linalopanda na kushuka na mshahara.

Nikitua uwanja wa ndege usiku, nifikeje mjini bila kukamuliwa?

Basi la X95 hufanya kazi saa 24, linakwenda hadi uwanja wa Syntagma katikati ya mji, nauli euro 5.50. Metro (treni ya mjini) ni euro 9 na haifanyi kazi usiku kucha kama basi. Teksi ina bei maalumu: euro 40 mchana, euro 55 kuanzia saa 6 usiku hadi saa 11 alfajiri. Mkiwa wanne, teksi ya mchana haitofautiani sana na metro (euro 36), na mizigo haiwasumbui.

Kosa linalowagharimu wageni ni hili: tiketi ya mjini ya euro 1.20, inayotumika dakika 90 kwenye metro, basi na tramu, haifiki uwanja wa ndege. Ukikamatwa nayo huko, au ukipanda basi bila kuigusisha kwenye mashine, faini ni mara 60 ya nauli. Mkaguzi hasikilizi habari za ugeni.

Utaona pia tiketi ya watalii ya siku 3 kwa euro 20, pamoja na kwenda na kurudi uwanja wa ndege. Piga hesabu kabla ya kuinunua. X95 mara mbili ni euro 11, tiketi ya mjini ya siku 5 ni euro 8.20, jumla euro 19.20. Umepata siku mbili zaidi na senti zimebaki.

Kiingilio cha Akropolis, magofu ya kale juu ya kilima, ni euro 30! Hakuna njia nyingine?

Ipo, ukichagua tarehe. Kuanzia Novemba hadi Machi, Jumapili ya kwanza ya kila mwezi kiingilio ni bure. Vilevile tarehe 6 Machi, 18 Aprili, 18 Mei, 28 Oktoba na wikiendi ya mwisho ya Septemba. Foleni siku hizo ni ndefu, fika kabla ya saa 2 asubuhi. Siku nyingine nunua kwenye tovuti rasmi ya hhticket.gr, kwa sababu tiketi hutolewa kwa saa maalumu na za asubuhi huisha mapema. Tovuti za madalali huuza tiketi ileile na kuongeza cha juu. Wenye miaka chini ya 25 wasidanganyike: bure ni kwa raia wa Umoja wa Ulaya, ninyi mnapata punguzo tu. Tiketi ya pamoja ya magofu kadhaa, ambayo vitabu vya zamani vinaisifia, ilifutwa Aprili 2025.

Kama hela haipo kabisa, panda mlima Filopappou jioni. Ni bure, na kwa maoni yetu Parthenon, hekalu kuu la Akropolis, inapendeza zaidi ukiitazama kutoka hapo kuliko ukiwa umebanwa chini ya nguzo zake. Kituo cha metro cha Syntagma nacho kina vitu vya kale vilivyochimbuliwa wakati wa ujenzi, vimepangwa nyuma ya vioo. Pale unalipa nauli tu.

Julai na Agosti joto likizidi, Akropolis hufungwa saa za mchana. Hakuna kivuli kule juu, na marumaru huteleza, vaa raba.

Mimi ni Mwislamu kutoka Mombasa. Gyros ni halali?

Usidhani ni sawa na shawarma. Gyros ya kawaida Athens ni nguruwe. Kwenye menyu huitwa “hirino”. “Kotopoulo” ni kuku, ila mara nyingi hukatwa kwa kisu kilekile. Nenda mitaa ya Omonia, kuna migahawa ya Wapakistani, Wabangladeshi na Wasiria wenye nyama halali, na pilau yake haitakupa ugeni. Msikiti rasmi uko eneo la Votanikos, ulifunguliwa Novemba 2020.

Asubuhi, koulouri (mkate wa mviringo) ya ufuta barabarani ni takriban euro 1. Mkate unaoletwa mezani bila kuagizwa huingia kwenye bili. Sema mapema kama huutaki. Maji ya bomba yananyweka.

Chumba cha bei nafuu nitafute wapi?

Mtaa wa Koukaki ni karibu na kila kitu, ule wa Kypseli ni rahisi zaidi. Omonia ni rahisi pia, ila usiku tembea ukijua unakokwenda, na kwenye metro simu isikae mfuko wa nyuma. Ulizia kodi ya malazi, ambayo hulipwa mapokezi: hoteli ya nyota 1 au 2 ni euro 2 kwa chumba kwa usiku kuanzia Aprili hadi Oktoba, lakini fleti ya kupangisha kwa siku chache ni euro 8. Kwa usiku 5, hiyo ni euro 40 ambazo hukuzipangia. Na karatasi ya chooni hutupwa kwenye ndoo: mabomba ni membamba.

Bahari?

Tramu kutoka Syntagma, shuka Edem. Ufukwe ni bure, tiketi ni ileile ya euro 1.20. Beba taulo lako.