Mzazi, ukienda mkutano wa watafiti anzia kwenye mabango

Wazazi wanaonipigia simu baada ya mtoto wao kupatikana na ugonjwa wa Hunter, mmoja wa magonjwa ya kurithi ya lisosomu, huishia kuniuliza hili: kuna faida gani mtu asiye daktari kwenda kwenye mikutano ya wanasayansi? Mimi huwaambia waende, hata kama nusu ya maneno yatawapita. Ila ujue unakwenda kutafuta nini, maana nauli ni ghali na mtoto lazima umwachie mtu unayemwamini.

Kwa anayeanza kusoma habari hizi leo: lisosomu ni vifuko vidogo ndani ya seli ambamo mwili huvunjavunja taka zake. Christian de Duve wa Ubelgiji ndiye aliyevieleza mwaka 1955. Mtoto akizaliwa na jeni yenye kasoro, kimeng'enya fulani (protini inayofanya kazi hiyo ya kuvunja) kinakosekana, na kile kilichopaswa kuvunjwa kinalundikana kwenye ini, mifupa, vali za moyo, na kwa watoto wengi hadi kwenye ubongo. Magonjwa ya aina hii yanazidi 50: Hunter, Hurler, Gaucher, Pompe, Fabry na mengine ambayo hata madaktari wengi hawajawahi kuyaona. Na hapo ndipo mikutano inapokuwa na thamani. Mtaalamu aliyewahudumia watoto wengi wa hali kama ya mwanao huenda hayuko katika nchi unayoishi kabisa, lakini siku hizo chache yuko ukumbini pamoja na wenzake.

Sisi tunaishi Minnesota, na mkutano wa watafiti wa magonjwa haya unaoitwa WORLDSymposium una mizizi yake katika chuo kikuu cha huku. Hufanyika Februari, na miaka ya karibuni umekuwa San Diego. Walio Ulaya wana mkutano wa kila mwaka wa SSIEM, chama kilichoundwa mwaka 1963 kwa ajili ya magonjwa ya kurithi ya umetaboli, yaani jinsi mwili unavyojenga na kuvunja kemikali zake. Kabla ya kulipa, waandikie waandaaji uulize kama kuna kiwango cha chini kwa wazazi na vyama vya wagonjwa. Muhtasari wa tafiti za WORLDSymposium huchapishwa katika jarida la Molecular Genetics and Metabolism; upitie ukiwa nyumbani, uweke alama kwenye zile zinazomgusa mtoto wako.

Ukifika, usikae siku nzima kwenye ukumbi mkubwa. Kule mtu anaongea kwa dakika chache, picha zinapita haraka, kisha anashuka jukwaani na kuzungukwa na watu. Nenda kwenye mabango, zile karatasi kubwa zilizobandikwa zinazoeleza utafiti kwa ufupi. Kila bango lina saa yake ambapo mtafiti husimama kando ya kazi yake akingoja kuulizwa, na mara nyingi ni kijana anayefurahi kumwona mzazi. Mwambie tu: "Mimi ni mama wa mtoto mwenye ugonjwa huu, nieleze polepole."

Mwanangu hupata kila wiki dripu ya idursulfase, kimeng'enya kilichotengenezwa badala ya kile kinachomkosa. Tumbo lilipungua kwa sababu ini lilishuka, lakini dawa hiyo haivuki kutoka kwenye damu kuingia kwenye ubongo, na kwetu maneno ndiyo yanayopotea. Kwa hiyo mimi hutafuta mabango ya ubongo. Mbele ya bango moja la dawa iliyotengenezwa ivuke kizuizi kilicho kati ya damu na ubongo, mtafiti alinionyesha kwa kidole mstari ulioteremka: hepaani salfeti, moja ya taka zinazolundikana, kwenye maji ya uti wa mgongo ilikuwa imepungua sana. Nikamuuliza, "Na watoto wanaongea zaidi?" Akanyamaza kidogo, akasema muda wa kulijua hilo bado haujatosha. Nilimshukuru kwa moyo wote, maana alinijibu kama anavyojibiwa mtu mzima. Huo ndio mjadala mkubwa wa fani hii sasa hivi: je, kushuka kwa taka hizo peke yake kunatosha dawa iidhinishwe, wakati watoto hawana miaka ya kusubiri? Mimi naona kunatosha, mradi ufuatiliaji uendelee. Japani iliidhinisha dawa ya namna hiyo, pabinafusp alfa, mwaka 2021.

Bango likiwa la panya, uliza walianza kutibiwa wakiwa na umri gani. Panya aliyetibiwa kabla ubongo haujaharibika hawezi kukuambia mengi kuhusu mtoto aliyegunduliwa akiwa na miaka minne. Mtafiti mwaminifu atakubali hivyo.

Na uende ukijua kwamba mambo haya huchukua muda mrefu. Mwaka 1968, mtafiti Elizabeth Neufeld na wenzake kule Bethesda, Marekani, walionyesha kwamba seli za mgonjwa wa Hurler zikikuzwa pamoja na za mgonjwa wa Hunter, kila upande hurekebisha kasoro ya mwingine, yaani seli inaweza kusaidiwa na kitu kinachotoka nje yake. Dripu ya Hunter iliidhinishwa Marekani mwaka 2006. Nikikumbuka miaka hiyo 38 sikati tamaa, ila simkimbilii kila anayetangaza muujiza.

Beba ukurasa mmoja wa historia ya mtoto: alitembea lini, alisema neno la kwanza lini, alianza lini kupoteza maneno, ameshafanyiwa upasuaji gani. Watafiti wanahitaji sana kujua ugonjwa unavyokwenda wenyewe, na watoto wa Kiafrika ni wachache mno katika kumbukumbu zao.

Juu ya ukurasa huo andika mabadiliko halisi ya jeni ya IDS, ile yenye kasoro katika ugonjwa wa Hunter, kama yalivyo kwenye ripoti ya maabara, kisha, wewe mama, nakala umtumie kila dada yako, iwe Kisii, Moshi au Dubai. Hunter hupitia kwenye kromosomu ya X. Mwanamke mwenye kasoro hiyo kwa kawaida haumwi, lakini kila mtoto wa kiume atakayemzaa ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuupata. Kipimo cha kimeng'enya kinaweza kumwonyesha yuko sawa kumbe anayo. Anayepimwa jeni ndiye anayepata jibu, na maabara ikijua mabadiliko ya kutafuta, kazi inakuwa rahisi na gharama hupungua. Mpigie simu dada kabla hujatuma, umweleze taratibu, na umwombe asilitangaze kwa wakwe mpaka majibu yatoke.