Vikomo vya maji taka kwa hoteli ndogo ya ufukweni: anzia yanakoishia maji

Hoteli nyingi ndogo za pwani hupata vikomo vyao vya maji taka kwa njia moja. Mshauri wa mazingira ananakili jedwali la kanuni za serikali, muuza mtambo anasaini kwamba mtambo wake utalifikia, na karatasi inaingia kwenye faili. Jedwali lile si baya, ila liliandikwa kwa nchi nzima. Halikuwaza vyumba 30 vilivyosimama juu ya maweni, mita chache kutoka maji ambayo wageni wanaogelea na kina mama wanafunga mwani. Kikomo kinachofaa hutafutwa kinyumenyume: kwanza ujue maji yanaishia wapi, kisha uhesabu pale mahali panaweza kubeba uchafu kiasi gani, na mwisho kabisa ndipo umwite muuza mtambo.

Tuchukue hoteli ya mfano pwani ya mashariki ya Unguja. Hesabu zake zinafaa pia Mafia, Diani au Watamu, kwa sababu jiwe ni lile lile.

Maji yanaishia wapi

Ardhi ya maweni haichuji. Jiwe la matumbawe limejaa nyufa na mapango, na maji yakitiwa kwenye shimo la kunyonya hupenya hadi ufukweni bila kukutana na udongo wa kutosha kuyasafisha. Kwa hiyo hoteli inayosema "sisi hatumwagi baharini, tunamwaga shimoni" inamwaga baharini, na njiani maji hayo yanaweza kupitia kisima cha jirani. Shimo lihesabu kama bomba la baharini, na vikomo viwe vile vile.

Ndani ya mwamba, bahari ni ya kina kifupi. Wakati wa bamvua maji hubadilika vizuri kila yanapokupwa na kujaa. Wakati wa maji mafu hubadilika kidogo tu, na uchafu unakaa. Kadiria kwa siku za maji mafu, usikadirie kwa siku nzuri.

Njia tunayoipendekeza ni bustani. Nyasi na miti ya pwani hunywa takribani milimita 5 kwa siku wakati wa kiangazi, hivyo bustani ya mita za mraba 5,000 inameza mita za ujazo 25 kwa siku. Swali ni mvua. Masika si tatizo kubwa, maana Aprili na Mei hoteli nyingi huwa tupu au zimefungwa. Tatizo ni vuli: mvua za Novemba na Desemba huangukia karibu na Krismasi, wageni wakiwa wamejaa na bustani ikiwa imeshiba. Vikomo vyote viandikwe kwa wiki ile. Ukivipanga kwa wastani wa mwaka, vitavunjwa Desemba kila mwaka.

Kiasi kabla ya ubora

Kikomo cha miligramu kwa lita bila kiasi cha maji hakina maana, kwa sababu yeyote anaweza kukifikia kwa kufungulia bomba la maji safi. Hesabu ya siku ya kilele: wageni 60 kwa lita 300 kila mmoja ni lita 18,000, wafanyakazi 45 kwa lita 60 ni 2,700, wateja 80 wa mgahawani wasiolala, lita 25 kila mmoja, ni 2,000, dobi kilo 150 kwa lita 15 kwa kilo ni 2,250. Jumla ni kama mita za ujazo 25. Msimu wa chini, hoteli hiyo hiyo hushuka hadi mita za ujazo 6 au 7. Mabadiliko haya ya karibu mara nne ndiyo yanayovuruga mitambo midogo kuliko kitu kingine chochote.

Funga mita ya maji kwenye bomba la kutolea, isiwe ya kuingiza pekee. Weka pia tangi la kusawazisha lenye asilimia 40 ya maji ya siku, hapa mita za ujazo 10. Bila tangi hilo, maji ya saa 1 hadi saa 4 asubuhi yatasukuma tope nje ya mtambo kabla halijatulia, na hakuna kikomo kitakachoshikika.

Sheria inasema nini

Kiwango cha Tanzania cha TZS 860 na kanuni za ubora wa maji za 2007 vinaruhusu BOD ya 30 mg/L na COD 60 (vipimo viwili vya uchafu, maana yake iko hapa chini), chembe zinazoelea (TSS) 100, na kolifomu jumla, yaani bakteria wanaoashiria uchafu, 10,000 kwa mililita 100. Kanuni za Kenya za 2006 ziliweka BOD 30 vilevile, lakini COD 50, TSS 30, kolifomu jumla 30 na E. coli (bakteria wa kinyesi) sifuri. Bahari ni moja, na hakuna samaki anayejua mpaka uko wapi. Kabla ya kuandika chochote, chukua toleo linalotumika siku hiyo kutoka kwa mamlaka ya mazingira: NEMC kwa Bara, ZEMA kwa Zanzibar au NEMA kwa Kenya, na hesabu namba zake kuwa sakafu ambayo huruhusiwi kuivunja. Namba zako mwenyewe zikae mahali salama zaidi.

Tazama uwiano wa COD na BOD. BOD ni oksijeni ambayo vijidudu hutumia kula uchafu kwa siku 5, na COD ni oksijeni inayohitajika kuuchoma wote kwa kemikali. Katika maji ghafi ya nyumbani COD ni kama mara 2 ya BOD. Baada ya kusafishwa inakuwa mara 3 hadi 5, maana vijidudu wamekula kilicho laini na kuacha kigumu. Kwa hiyo mtambo unaotoa BOD 15, ambayo ni nusu ya kinachoruhusiwa, unaweza kuwa na COD ya 60 na kusimama ukingoni. Muuza mtambo akikuonyesha BOD tu, muulize COD.

Nitrojeni ndiyo kiini cha jambo

Hapa ndipo hoteli za matumbawe hukosea: huangalia BOD, nayo haiui mwamba wa bahari kwa kiasi hiki. Nitrojeni hulisha magugu ya baharini yanayofunika matumbawe na majani ya bahari, na kuzingira mwani wa wakulima. Fosforasi nayo ina madhara, ila jiwe la chokaa huishika kiasi, wakati nitrati hupita kama hakuna jiwe.

Mgeni huleta takribani gramu 12 za nitrojeni kwa siku, mfanyakazi wa zamu gramu 5, mteja wa mgahawa gramu 2. Jumla ni kilo 1.1 kwa siku, yaani kama 44 mg/L ndani ya mita zetu 25 za ujazo. Mtambo wa kawaida wa kupuliza hewa usio na sehemu ya kuondoa nitrojeni hutoa kama 35 mg/L, ambayo ni gramu 875 kwa siku. Hoteli ikijaa mwaka mzima, hiyo ni kilo 319, sawa na mifuko 14 ya urea ya kilo 50 inayomwagwa mbele ya ufuo mmoja.

Ukiyapeleka maji hayo bustanini, nusu hekta inapokea nitrojeni sawa na kilo 640 kwa hekta kwa mwaka. Nyasi haziwezi kuila yote, na ziada inashuka maweni. Ukishusha hadi 15 mg/L inakuwa kilo 274 kwa hekta, kiasi ambacho nyasi zinazokatwa na kuondolewa zinaweza kukimudu. Sharti lake ni kuacha kabisa kununua mbolea ya bustani. Hili liandikwe ndani ya kibali, kwa sababu mtunza bustani hajui kilichomo kwenye bomba.

Je, 10 mg/L, chini zaidi ya hiyo 15, inafikika? Inafikika. Kati ya 44, kama 10 huingia kwenye miili ya vijidudu na kutoka na tope. Zinazobaki 34 hugeuzwa nitrati kwenye tangi la hewa, kisha hurudishwa kwenye tangi lisilo na hewa ili vijidudu waigeuze kuwa gesi. Ukirudisha maji mara 4 ya yanayoingia, sehemu 4 kati ya 5 za nitrati hiyo huondoka na inabaki kama 7, pamoja na amonia na mabaki mengine kama 2.5. Ukitaka 5 itabidi uongeze chakula cha vijidudu kama molasi, na hoteli ya vyumba 30 isiyo na fundi wa kudumu haitaweza kuisimamia. Kikomo kisichosimamika kinazaa takwimu za uongo, basi afadhali 10 ya kweli.

Kuna mtego mmoja hapa. Kila gramu ya amonia inayogeuzwa hula takribani gramu 7 za alkalini (kinachozuia pH ya maji isishuke), na nusu tu hurudi kwenye tangi lisilo na hewa. Maji ya kisima cha maweni yana alkalini nyingi, hivyo hutaona shida. Lakini hoteli inayochuja maji ya bahari kwa mtambo wa kuondoa chumvi hutumia maji yasiyo na alkalini ya kutosha. pH inaporomoka chini ya 6.5, vijidudu vya amonia vinalala, na fundi anaongeza hewa bure. Dawa ni magadi soda, itiwe kidogo kidogo hadi maji yanayotoka yabaki na alkalini ya 70 hadi 100 mg/L. Maji ya chumvi yanayobaki kwenye mtambo huo wa kuchuja yasiingizwe kamwe kwenye maji taka.

Na vipimo: nitrati 50 mg/L na nitrojeni ya nitrati 11.3 mg/L ni kitu kimoja, moja imepimwa kama NO3 na nyingine kama N. Tofauti ni mara 4.43. Andika "kama N" kwenye kila mstari, na uikatae ripoti ya maabara isiyosema.

Vimelea

Kwa umwagiliaji wa mipira ya matone, weka E. coli isiyozidi 1,000 kwa mililita 100, ila sheria ya nchi yako ikiwa kali zaidi, ifuate hiyo. Usirushe maji haya hewani kwa mipira ya kuzunguka karibu na wageni, hata yakipimwa safi. Klorini inatosha kwa tangi la bustani, ikibaki 0.5 mg/L. Palipo na uwezekano wa kufika baharini tumia taa ya UV (mionzi inayoua vijidudu bila kemikali), kwa sababu klorini inaua na viumbe vya bahari. UV inataka TSS chini ya 10, na kwa maji haya ya chokaa bomba lake la kioo hufunikwa na ukungu mweupe. Lisafishwe kwa siki au asidi ya limau kila wiki.

Pima pia maji ya bahari penyewe, mbele ya hoteli na mita 200 kila upande. Tumia enterokoki, bakteria wengine wa kinyesi, badala ya E. coli, kwani hudumu zaidi ndani ya chumvi. Mwongozo wa WHO wa 2003 uliweka daraja bora kwenye 40 au pungufu kwa mililita 100 katika asilimia 95 ya sampuli.

Kuandika kikomo chenyewe

Kila kipimo kipewe namba mbili: wastani wa sampuli za miezi 12, na kiwango cha juu ambacho sampuli moja haipaswi kuvuka. Mtambo mdogo huyumba, na ili sampuli 95 kati ya 100 zibaki chini ya 30, wastani wake unapaswa kuwa kama 14. Kwa hoteli yetu tungeandika:

- BOD: wastani 10, juu 20 mg/L
- COD: juu 50 mg/L
- TSS: wastani 10, juu 20 mg/L
- Nitrojeni jumla kama N: wastani 10, juu 15 mg/L, na isizidi gramu 250 kwa siku kwa wastani wa mwezi
- Nitrojeni ya amonia: juu 3 mg/L
- pH: 6.5 hadi 8.5
- E. coli: juu 1,000 kwa mililita 100
- Maji yanayotoka: juu mita za ujazo 25 kwa siku

Taja na mahali pa kuchukulia sampuli: chemba moja baada ya UV au klorini, kabla ya tangi la bustani. Sampuli ya mara moja saa 5 asubuhi haisemi lolote kuhusu usiku, hivyo changanya lita moja ya kila saa 2 kwa saa 24. Ile ya vimelea pekee ichukuliwe mara moja, kwa chupa iliyochemshwa yenye thiosalfeti ya sodiamu. Bila kemikali hiyo, klorini inaendelea kuua ndani ya chupa njiani, na matokeo yanapendeza bila ukweli. Deli liwe na barafu, BOD ifike maabara ndani ya saa 24 na vimelea ndani ya saa 8 ikiwezekana, kwa hiyo panga sampuli kwa ratiba ya boti. Omba BOD ya kaboni pekee. Miligramu 3 tu za amonia zikigeuzwa ndani ya chupa huongeza karibu 14 kwenye BOD, na mtambo mzuri unaonekana mbovu. Kisima chako kikiwa na chumvi, iambie maabara, maana kloridi ikizidi 2,000 mg/L huharibu kipimo cha COD.

Kilichobaki ni nini kifanyike kikomo kikivukwa, nacho kiwe ndani ya kibali hicho hicho. Siku hiyo hiyo funga bomba la bustani na uyarudishe maji kwenye tangi la kusawazisha. Angalia kwanza jikoni: mtego wa mafuta ukishajaa robo ya kina chake haushiki tena. Kisha dobi: jiki iliyomwagwa kwa ndoo huua mtambo kwa usiku mmoja. Kisha pima tope kwenye silinda ya lita 1 kwa dakika 30. Likitulia kati ya mililita 200 na 400 liko sawa, likipita 600 ita gari la kunyonya. Pima oksijeni, isishuke chini ya 2 mg/L kwenye tangi la hewa. Sampuli ya marudio ichukuliwe baada ya siku 3, na mara mbili zikifuatana juu ya kikomo, meneja aiarifu mamlaka kwa maandishi na apunguze vyumba vinavyouzwa hadi namba irudi.